Shamba ni la nani, na nani mwenye kuhukumu?

Arusha ni mji unaojulikana kwa mikutano. Hapa ndipo Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana tarehe 26 hadi 29 Januari 1967 na kupitisha Azimio la Arusha, na hapa ndipo ilipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Lakini swali la mpaka baina ya haki ya mtu na mamlaka ya dola halikuanzia ukumbini. Katika mkoa huu lilianzia mashambani, kwenye miteremko ya Mlima Meru.

Novemba 1951, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, ili walowezi wa Kizungu wapate mahali pa kufugia ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto. Hoja ya watawala ilikuwa maendeleo ya nchi: ardhi ile, walidai, ingezalisha zaidi mikononi mwa wengine. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, mwana wa Meru, pamoja na wakili Earle Seaton, walilifikisha shauri hilo mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York. Ardhi haikurudishwa kwa safari ile, lakini Watanganyika wengi walijifunza kwamba mtawala anaweza kuulizwa.

Je, wanafalsafa wanasemaje? Wako wanaomfuata John Locke, Mwingereza wa karne ya 17, wasemao kwamba mtu akichanganya jasho lake na ardhi, ardhi huwa yake, na kwamba dola imewekwa ili kuilinda mali hiyo. Wako wajamaa wasemao kwamba uhuru wa namna hiyo huishia kuwa uhuru wa mwenye nguvu kummeza mnyonge, hivyo dola lazima ishike njia kuu za uchumi. Mwalimu Nyerere, katika makala yake "Mali ya Taifa" ya mwaka 1958, aliikataa rai ya kuifanya ardhi kuwa bidhaa ya kuuzwa. Kwake ardhi ni tunu ya Mungu kwa watu wote, na alihofia kwamba ikiuzwa ovyo wachache wataihodhi na wengi watakuwa wapangaji katika nchi yao wenyewe.

Ajabu ni kwamba Azimio la Arusha lenyewe lilizibeba rai zote mbili. Imani ya TANU iliyomo ndani yake inakiri haki ya kila raia kulindwa maisha yake na mali aliyo nayo kwa mujibu wa sheria. Hapo hapo inaipa serikali wajibu wa kuingilia kati maisha ya uchumi. Mpaka wa haki na wajibu huo ukaachwa uamuliwe na watendaji. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na familia nyingi zikahamishwa kutoka mashamba ya asili. Nia ilikuwa shule, maji na zahanati karibu na watu, na hatuwezi kuilinganisha na nia ya mlowezi. Hata hivyo, kwa mzee aliyeliacha shamba la baba yake bila kuulizwa, amri ilikuwa amri.

Mmoja wa watu hao alikuwa Lohay Akonaay wa Kambi ya Simba, iliyokuwa wilaya ya Mbulu. Mwaka 1987 yeye na mwanawe walifungua kesi mjini Arusha kudai ardhi iliyochukuliwa wakati wa operesheni vijiji, wakashinda. Rufaa ikiwa bado inasubiri, Bunge likatunga sheria mwaka 1992 iliyofuta haki za kimila katika ardhi ya vijiji hivyo, ikazuia fidia na kuzifunga kesi zilizokuwa mahakamani. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba mtu hawezi kunyang'anywa bila fidia ya haki wala kuzuiwa mlango wa mahakama. Katika hukumu hiyo mahakama iliyategemea maneno ya Nyerere mwenyewe, kwamba anayefyeka pori ameiongezea ardhi thamani kwa jasho lake.

Tuzingatie hapa. Juu ya jasho, Locke na Nyerere hawakugombana. Fiqhi yetu nayo inayo mlango wa kufufua ardhi iliyokufa, ambapo aliyeifufua huipatia haki. Na upande wa pili, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Wakulima wa Meru wanaogawana maji ya mifereji kwa zamu wanaijua hekima hiyo: shamba lina mwenyewe, lakini mto haupigwi ua.

Basi hitilafu kubwa haiko tu katika swali la nani mwenye mali. Iko katika swali la nani atahukumu pale raia na dola wanapogombana. Imepokewa katika vitabu vya historia kwamba Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.), alipotaka kuupanua Msikiti wa Madina, aliitaka nyumba ya Abbas, ami yake Mtume. Abbas akakataa. Khalifa hakutuma askari; wakaenda wote wawili kwa Ubayy bin Ka'ab, naye akahukumu kwamba nyumba haichukuliwi bila ridhaa ya mwenyewe. Haki ilipokwisha kuthibiti, Abbas akaitoa bure kwa ajili ya Waislamu. Maslahi yalikuwa ya msikiti, tena mtawala alikuwa Umar; lakini mwenye nyumba alisikilizwa kwanza, na hakimu hakuwa mtumishi wa upande mmoja.

Kwa kipimo hicho tuzipime sheria zetu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeiweka ardhi yote mikononi mwa Rais kama mdhamini, na imetaka anayetwaliwa haki yake alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Ni maneno mema. Lakini Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililomruhusu raia kuifikia moja kwa moja ile Mahakama ya Afrika iliyopo hapa hapa Arusha. Mlango wa hakimu ukifungwa, maneno mema ya sheria hubaki kuwa hisani ya mtawala.

Nasi majumbani tujiulize. Ni wangapi tunaoilaumu serikali kwa dhulma, ilhali tumeshikilia shamba la yatima wa ndugu yetu, au tumemnyima dada fungu lake la mirathi kwa kuwa ameolewa mbali? Kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Tuhudhurie mkutano mkuu wa kijiji ardhi inapojadiliwa, tuandikishe haki zetu za kimila, na mjane aitwe asikilizwe kabla mipaka haijapimwa. Asiyewasikiliza walio chini yake nyumbani atapata wapi ulimi wa kumdai mtawala amsikilize?

Wallahu a'alam.