Milo na Deni Lisilolipika: Wahamiaji na Uhalifu katika Sinema ya Pusher 3

Msomaji, ukisikia sinema ya wahalifu wahamiaji, unategemea bastola, magari ya fahari na kifo cha kishujaa. Pusher 3 (2005) ya Nicolas Winding Refn wa Denmark haina makuu hayo. Ina jiko, na humo jikoni mna mzee anayehangaika.

Mhusika mkuu ni Milo, Mserbia auzaye unga jijini Copenhagen, ameigizwa na Zlatko Burić. Visa vinatokea mchana mmoja na usiku wake. Binti yake Milena anatimiza miaka 25, na Milo ameahidi kuwapikia wageni. Siku hiyo hiyo anajaribu kuacha kutumia unga, na mzigo alioagiza unafika ukiwa vidonge asivyovijua. Mara anajikuta anadaiwa na Waalbania.

Hapa ndipo ulipo ukinzani mkuu. Katika Pusher ya kwanza (1996) Milo ndiye alikuwa mdai, na kijana Frank alihaha mji mzima kwa deni lake. Sasa kibao kimegeuka. Bosi wa jana anaamrishwa kama kibarua na waliokuja nyuma yake, nao wanaleta msichana wa kuuzwa kama mbuzi mnadani. Kinachoendesha hadithi ni deni, wala si ubaya wa kabila fulani.

Wapo watakaosema sinema hii inawapaka matope wahamiaji. Sikubaliani nao. Milo anaua, lakini hasifiwi. Anapomwita Radovan, mtu wake wa zamani, waje wakatekate maiti, kamera haikwepi: tunaona kazi ya buchani, chafu na ya kuchosha. Fani hapo imebeba maudhui barabara, maana hakuna kijana atakayetoka ukumbini akitamani kuwa Milo.

Udhaifu upo. Yule msichana hapewi sauti. Kawekwa ili dhamiri ya Milo ishtuke tu. Tena hatuonyeshwi Milo alivyofika Denmark, wala milango ipi ilifungwa mbele yake. Tunaona matokeo, chanzo tunakisia wenyewe.

Refn naye alirudi kwenye Pusher baada ya Fear X (2003) kumwachia madeni. Labda ndiyo maana hofu ya kudaiwa kaichora vizuri hivyo.

Mwishoni Milo yuko kando ya bwawa lake la kuogelea. Nyumba anayo, bwawa analo, maji hamna. Jamani, huo ndio utajiri aliouulia watu?