Mtaa Tuliouhama na Haki Tulizoziacha Nyuma

  

Wengi wetu tuliolelewa Mji wa Kale wa Mombasa hatulali tena katika nyumba tulizozaliwa. Wako waliohamia Kisauni na Bamburi, wako walioko Likoni na Nyali, na wako waliovuka bahari wakaweka makazi Oman, Dubai na Uingereza. Kuhama si aibu. Nyumba hujaa, watoto huoa na kuolewa, na riziki humwita mtu mahali asipopatarajia. Lakini anayehama huchukua vyombo vyake tu. Nyuma huacha majirani, makaburi ya wazee wake, msikiti aliosujudia utotoni, na mara nyingi nyumba ya urithi ambayo haijagawanywa. Vyote hivyo vina haki juu yake. Hayo ndiyo tuliyopenda kuwakumbusha wasomaji wetu wiki hii, baada ya kuzuru mtaa wa Kibokoni tulikokulia.

Mtaa ulivyokuwa na ulivyo

Tulifika baada ya sala ya alasiri, tukiwa pamoja na mama watoto, tukaingilia upande wa Ngome. Ngome hiyo Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596, na tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ukiipa mgongo ukafuata Ndia Kuu na kuendelea mbele, utaufikia Msikiti wa Mandhry, ambao kujengwa kwake hunasibishwa na mwaka 1570, na mnara wake mweupe ungali unaonekana juu ya mapaa. Wageni wengi huishia huko, hupiga picha za milango ya nakshi na roshani za mbao, kisha wakenda zao. Sisi tuliiacha njia kubwa, tukaingia vichochoroni.

Katika utoto wetu, vichochoro hivyo vilikuwa ni nyumba moja yenye milango mingi. Upepo wa kaskazi ulipovuma, majahazi yalitia nanga Bandari ya Kale yakiwa na shehena za tende, na habari zake zilitufikia kabla ya mzigo kuteremshwa. Asubuhi tulikwenda chuoni na juzuu zetu mikononi. Aliyetoroka chuo hakuhitaji kushtakiwa na mwalimu, kwani kila mzee aliyekaa barazani alikuwa na ruhusa ya kumuuliza aendako, na akina mama waliokuwa madirishani walikuwa na macho kuliko askari.

Tunalolikumbuka zaidi ni sahani. Mwezi wa Ramadhani, kabla ya magharibi, watoto tulikuwa tukipishana njiani na sahani zilizofunikwa kawa: huku kaimati, huku mbaazi za nazi, huku mkate wa sinia. Sahani ya jirani haikurudishwa tupu. Kama nyumbani hakukuwa na kitu, iliwekwa ndani yake japo ndimu mbili au kipande cha muwa. Hakuna aliyetufundisha somo la ujirani kwa maneno. Mama zetu walitufundisha kwa kututuma.

Leo kichochoro chetu kina milango kumi kama zamani, na tunaowafahamu wako nyuma ya milango miwili tu. Nyumba nyingine zimekuwa maghala ya bidhaa, nyingine zimeongezwa ghorofa za saruji, na moja imeanguka upande na kuota majani. Baraza mbili zimevunjwa ili milango ya maduka ipanuliwe. Hatusemi haya kuwalaumu walioingia. Tuliowakuta walitujibu salamu kwa uzuri, na mmoja wao alituletea kahawa chungu bila kutujua. Adhana ya magharibi ilipoadhiniwa, safu ilijaa vijana ambao hatukuwahi kuwaona. Mtaa haujafa, alhamdulillah, ila umepata watu wengine.

Mlango wa ghorofa ya pili

Katika ile milango miwili, mmoja ni wa mama aliyekuwa jirani na shoga wa marehemu mama yetu. Tulipiga hodi chini ya ngazi.

"Nani?"

Tulipojitaja, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa ukinichotea maji? Pandeni, wanangu, pandeni. Ngazi ni zile zile."

Mumewe amefariki miaka mingi sasa. Watoto wako mbali, na kila mmoja ana maisha yake. Wanampigia simu, wanamletea fedha, na yeye hakuwasema kwa ubaya hata kidogo. Lakini nyumba haikugawanywa baba yao alipofariki, na sasa yamekuja maneno ya kuiuza. Mnunuzi amepatikana, bei imetajwa, na kila mrithi anajua atakachopata. Yeye ameambiwa achague mtoto wa kwenda kukaa naye.

"Siwakatai wanangu," alisema. "Lakini huko niendako nitamgongea nani mlango? Hapa nikikohoa usiku, jirani hunigongea ukuta."

Hatukuwa na jibu la haraka, na mama watoto alimshika mkono. Maneno yake ndiyo yaliyotufanya tuandike, kwa sababu mama huyu si peke yake katika mji huu.

Mafunzo kutoka kwa Mtume (S.A.W.)

Mwaka wa nane wa Hijra, sawa na mwaka 630, Mtume (S.A.W.) aliingia Makka kwa ushindi. Huo ndio mji aliozaliwa na kulelewa. Usama bin Zayd (R.A.) alimuuliza atashukia wapi, naye akajibu kwa kuuliza iwapo Aqil alikuwa amewaachia nyumba yoyote. Aqil, mtoto wa ami yake Abu Talib, alikuwa ameziuza nyumba za ukoo. Mtume, akiwa na jeshi na uwezo wote, hakumtoa mtu ndani ya nyumba hizo. Alipigiwa hema. Tujifunze hapa kwamba mwenye kurejea mtaani kwake hana haja ya kugombana na waliomo. Mapenzi ya mahali hayahalalishi kumdhulumu mtu.

Jambo ambalo hakuliacha ni watu. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume alipokuwa akichinja mbuzi, alikuwa akiwapelekea nyama marafiki wa Bibi Khadija (R.A.), ilhali Bibi Khadija alikwisha kufariki zamani. Wanawake wale hawakuwa na deni kwake isipokuwa la wema wa siku zilizopita, na hilo kwake lilitosha. Basi na sisi, shoga wa mama yako, jirani aliyekulisha ukiwa mtoto, mwalimu wa chuo aliyekufundisha alifu na bei: wema wao haukwisha siku ulipobeba godoro lako.

Nyumba ya urithi ina hukumu zake

Katika Suratun Nisaa, aya ya 12, Allah amemuwekea mke aliyefiwa na mume mwenye watoto thumni, yaani sehemu moja katika nane, baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia. Sehemu hiyo ni milki yake tangu siku ya kifo. Si sadaka kutoka kwa watoto. Anayemuuzia sehemu yake pasi na ridhaa yake ameuza asichokimiliki. Na mama akitulia kimya kwa kuwaonea haya wanawe, kimya hicho tusikifanye ridhaa.

Pia kuna hukumu ya shufaa, nayo ni haki ya mshirika kuinunua sehemu ya mwenzake kabla haijakwenda kwa mgeni. Katika madhehebu yetu ya Shafii haki hii ni ya mshirika katika mali isiyogawanywa, kwa masharti waliyoyataja mafaqihi. Mahanafi wameifikisha hata kwa jirani. Ama kumpa jirani habari kabla ya kuuza, na kumuuliza kama anaihitaji, ni adabu njema isiyomdhuru yeyote, hata pale isipokuwa wajibu.

Wenye mgogoro wa mirathi wasiuache ukaoza. Mahakama za Kadhi zimetajwa katika kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, na mirathi ya Waislamu imo katika kazi zake. Kugawa mapema, wakati ndugu wangali wanazungumza, ni rahisi kuliko kugawa baada ya wajukuu kuingia katika hesabu.

Hatusemi kuuza ni haramu. Huenda kuuza kukawa ndiyo maslaha, hasa nyumba inapokuwa ya hatari kwa aliyemo. Tunasema kwamba haki ya mama ni pana kuliko thumni yake. Mtoto anayeweza kungoja na asingoje, ajiulize fedha hizo zina haraka gani, na mama yake amebakiwa na miaka mingapi. Warithi wanaweza kumwachia akae maisha yake yote, kisha wakagawana. Wanaweza kumkodishia chumba katika mtaa ule ule. Na mwenye uwezo anaweza kuinunua sehemu ya nduguze ili mama asihamishwe.

Nasaha zetu

Wasomaji wetu, hasa akina mama ambao ndio wenye kuunga au kukata udugu wa nyumba, tunausia haya. Mfanye ziara ya mtaa wenu wa zamani angalau katika kila Idi, na mwende na watoto, ili wajue ni mikono ya nani iliyowalea wazazi wao. Msiende mikono mitupu: sahani moja iliyofunikwa inatosha. Mzuru na makaburi, muwaombee waliotangulia. Na kule mnakoishi sasa, gongeni mlango wa jirani msiyemjua kabla mwaka haujaisha, kwani mtume wetu aliusiwa na Jibril juu ya jirani hata akadhani kwamba atamrithisha.

Tunamuomba Allah awarehemu waliotulea, awape afya waliobakia, azitie baraka nyumba zetu za zamani na za sasa, na atukusanye na majirani wema katika nyumba isiyohamwa. Amin.