Mnara Tunauona, Mbona Simu Haikamati?



Swali hili huulizwa mara nyingi kwenye vikao vya kamati. Kwa eneo la milima na mabonde kama Mlangali, wilayani Ludewa, si swali dogo. Mama mjamzito anapohitaji gari usiku, muda wa kuhangaika kutafuta mtandao unaweza kugharimu maisha.

Simu ya mkononi ni redio ndogo inayopokea na kurusha mawimbi. Mnarani huwa kuna antena, mara nyingi tatu au zaidi, kila moja ikielekea upande wake. Eneo linalohudumiwa na antena moja huitwa seli. Ukisafiri kwa basi kutoka Njombe hadi Mlangali, simu hupokewa na seli moja baada ya nyingine. Pasipo na seli, mazungumzo hukatika.

Mambo matatu huamua kama simu itakamata:

1. Mlima. Mawimbi hayapenyi kilima. Nyuma yake hubaki kivuli, hata kama mnara uko karibu.

2. Umbali. Kwa teknolojia ya 2G, mnara wa kawaida hauhudumii simu iliyo zaidi ya kilomita 35.

3. Nguvu. Mnara huweza kurusha kwa wati 20 au zaidi, lakini simu ya 2G haizidi wati 2. Ndiyo maana wakati mwingine mistari ya mtandao inaonekana kwenye kioo, lakini ukipiga haiendi. Wewe unausikia mnara, mnara haukusikii.

Kwa hiyo kamati zisitegemee mistari ya kwenye kioo. Pigeni simu kutoka kila kitongoji na kutoka zahanati, mchana na usiku, kisha andikeni mahali ilipokubali na ilipokataa. Pelekeni orodha hiyo serikali ya kijiji na halmashauri. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku kwa kampuni ili zijenge minara vijijini ambako faida ni ndogo. Orodha yenye majina ya vitongoji husaidia kuliko malalamiko ya jumla.

Nanyi wafadhili wetu, kabla ya kugharamia simu ya zahanati, ulizeni kwanza kama imejaribiwa mahali pale pale itakapotumika. Simu iliyoko kivulini haiwezi kumwita dereva.