Salomon Sulzer: muziki mpya, lugha ileile

Katika sinagogi, kantori ndiye anayeongoza sala za waumini kwa kuimba. Kazi yake ni ya sauti, lakini ni ya lugha pia, kama yanavyoonyesha maisha ya Salomon Sulzer.

Sulzer alizaliwa mwaka 1804 huko Hohenems, magharibi mwa Austria. Mwaka 1826 alikwenda Vienna kuwa kantori wa sinagogi iliyokuwa imejengwa karibuni. Wakati huo Wayahudi wa nchi za Kijerumani walikuwa wakibishana: je, sala ziendelee kwa Kiebrania, ambacho wengi hawakukielewa tena vizuri, au zitafsiriwe kwa Kijerumani? Vienna ilishika njia ya katikati. Mhubiri Isaak Noah Mannheimer alihubiri kwa Kijerumani, ila sala zikabaki kwa Kiebrania. Kilichobadilika ni muziki. Sulzer alizipanga upya nyimbo za mapokeo, akatunga nyingine kwa kwaya ya wanaume na wavulana, akazikusanya katika kitabu chake *Schir Zion*. Hata Franz Schubert, ambaye alikuwa Mkatoliki, alimtungia muziki wa Zaburi ya 92 mwaka 1828, kwa maneno yaleyale ya Kiebrania.

Hapo ndipo mwanaisimu anapopata faida. Wayahudi wa Ulaya ya kati na mashariki walizoea kukazia silabi ya kabla ya mwisho, kama tufanyavyo katika Kiswahili: Sabato waliiita *shábos*. Katika Kiebrania cha Israeli ya leo ni *shabát*, mkazo mwishoni. Mtunzi huiweka silabi yenye mkazo kwenye pigo zito la muziki. Kwa hiyo nyimbo za zama zile zimebeba matamshi ya zama zile. Katika karne ya 20, makutaniko mengi yalipochukua matamshi ya Israeli, maneno na muziki wa zamani vikaanza kugongana. Kiongozi wa kwaya akawa na mawili: kuugeuza wimbo, au kuliimba neno kwa mkazo usio wake.

Sulzer alistaafu mwaka 1881, akafariki Vienna mwaka 1890. Muziki aliotungia *Shema Yisrael* ungali unaimbwa katika masinagogi mengi. Basi anayechunguza matamshi ya kale asiishie kwenye kamusi na sarufi. Afungue vitabu vya nyimbo pia.