Mtu Mzima Anayetaka Kuingia Shule ya Wauguzi



Labda wewe ni mama wa watoto wanne, nawe unauza makala sokoni hapa Kambove. Labda wewe ni baba unayefagia wodi ya hospitali, na kila siku unawaona wauguzi wakipima homa ya wagonjwa na kuandika tarakimu katika karatasi. Moyoni mwako umesema zaidi ya mara moja: "Kazi hii hata mimi ningeiweza." Kisha umejijibu mwenyewe: "Lakini mimi ni mtu mzima. Niliacha shule zamani. Mtihani wa kuingia nitaushindaje?"

Swali hili linataka jibu la kweli, si jibu la kukufurahisha tu. Jibu ni hili: unaweza, lakini si kwa kutamani. Mtihani hauulizi kama una huruma kwa wagonjwa. Unauliza kama unaweza kusoma Kifaransa na kukielewa, na kama unaweza kufanya hesabu bila kukosa. Yako mambo mengine pia, lakini watu wazima huanguka zaidi katika hayo mawili, na hasa katika hesabu.

Ujue kwanza ni shule gani

Katika nchi yetu ya Congo ziko ngazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni shule ya sekondari ya uuguzi, iitwayo Institut Technique Médical, au ITM. Anayemaliza huko huitwa mwuguzi wa A2. Ya pili ni shule ya juu, Institut Supérieur des Techniques Médicales, au ISTM, kama ile iliyoko Lubumbashi. Hiyo hutoa wauguzi wa A1, na hakuna anayeingia bila diploma ya Serikali.

Kama huna diploma hiyo, usidanganywe na mtu anayesema atakuingiza ISTM kwa njia ya pembeni. Njia ya haki iko. Serikali humruhusu mtu aliyejisomea mwenyewe, nje ya shule, kujiandikisha kwa mtihani wa Serikali; yeye huitwa autodidacte. Ni njia ndefu, lakini karatasi yake ni ya kweli. Na karatasi ya kweli utaihitaji, maana tangu sheria ya mwaka wa 2016 nchi yetu ina Chama cha Wauguzi cha kisheria, Ordre des Infirmiers, na mwuguzi hupaswa kuandikwa humo.

Basi kabla ya kununua hata daftari moja, nenda mwenyewe katika ofisi ya shule unayoitaka. Uliza wanataka vyeti gani, umri gani, na masomo gani yamo katika mtihani wao. Usiulize njiani. Njiani kila mtu anajua, na kila mtu anajua vingine.

Je, watu wazima wamewahi kurudi shuleni?

Wamerudi, tena hapa kwetu. Congo ilipopata uhuru, tarehe 30 Juni 1960, nchi nzima haikuwa na Mkongo hata mmoja aliyemaliza masomo ya udaktari. Walikuwako waganga wasaidizi, ambao Wabelgiji waliwaita assistants médicaux. Watu hao walikuwa wamekwisha kufanya kazi miaka mingi katika hospitali. Waliijua malaria, waliujua ugonjwa wa malale, waliwasaidia madaktari katika upasuaji. Shirika la Afya la Dunia likasaidia kuwapeleka makumi yao Ufaransa, wakakae tena katika madawati pamoja na vijana. Hebu wafikiri watu hao! Kwao waliheshimiwa, na sasa profesa anawauliza habari ambazo kijana wa miaka 20 anazijibu upesi kuliko wao. Wakavumilia, na baada ya miaka michache wakaanza kurudi nyumbani wakiwa madaktari.

Na Florence Nightingale, yule Mwingereza ambaye jina lake linatajwa katika kila shule ya uuguzi, alizaliwa mwaka wa 1820. Alipokwenda Kaiserswerth katika Ujerumani ili ajifunze kutunza wagonjwa, ilikuwa mwaka wa 1851. Alikuwa na miaka 31. Wazazi wake hawakuipenda habari hiyo hata kidogo.

Hesabu

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo pana hofu.

Wewe unayeuza sokoni, hesabu kubwa ya mtihani unaijua tayari. Tuseme makopo 3 ya unga ni falanga 4500. Mteja anataka makopo 7. Wewe huhitaji karatasi. Unatafuta kwanza bei ya kopo 1, ni falanga 1500; kisha unazidisha kwa 7, unapata 10500. Hiyo ndiyo hesabu ambayo waalimu wa Kifaransa huiita règle de trois. Jina lake linatisha, lakini umeifanya leo asubuhi.

Sasa tazama swali hili. Mtoto ana uzito wa kilo 12. Dawa ya homa, parasetamoli, hutolewa miligramu 15 kwa kila kilo. Chupa imeandikwa: miligramu 120 katika mililita 5. Mtoto anywe mililita ngapi?

Usiogope wingi wa maneno. Tafuta kwanza dawa ya mtoto: 15 mara 12 ni miligramu 180. Sasa ni habari ya unga tena. Kama miligramu 120 zimo katika mililita 5, basi miligramu 60 zimo katika nusu yake, yaani mililita 2,5. Nazo 180 ni 120 na 60. Jumlisha 5 na 2,5: ni mililita 7,5. (Hii ni hesabu ya kujifunzia. Nyumbani fuata kipimo alichokupa mwuguzi aliyemwona mtoto.)

Itazame vizuri alama ya mkato katikati ya 7 na 5. Ukiisahau, umeandika 75. Mtoto atapewa dawa mara 10 ya ile aliyopaswa kupewa, na parasetamoli nyingi namna hiyo yaweza kuharibu ini lake. Ingekuwa dawa ya kulaza usingizi kwa upasuaji, huenda asingeamka. Ndiyo sababu shule hukuuliza hesabu kabla ya kukuonyesha sindano. Waalimu hawataki kukutesa. Wanamfikiri mtoto huyo.

Jifunze kwa moyo vipimo hivi: kilo 1 ni gramu 1000, gramu 1 ni miligramu 1000, lita 1 ni mililita 1000. Anayechanganya gramu na miligramu amekosa mara 1000, si mara 10. Zoeza jikoni. Kwa mtoto anayeharisha tunachanganya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Je, ukiwa na nusu lita tu ya maji? Sukari vijiko 3, chumvi robo ya kijiko. Je, lita 2? Jijibu mwenyewe, kisha uandike.

Ukiisha kuzoea hayo, jaribu hesabu ya seromu, yaani maji yanayotiwa katika mshipa. Mililita 500 zimalizike kwa saa 4, na mpira hutoa matone 20 kwa kila mililita. Ni matone mangapi kwa dakika? 500 mara 20 ni matone 10000. Saa 4 ni dakika 240. Gawanya: unapata 41 na zaidi kidogo ya nusu, basi tunasema 42. Kila siku muuguzi hukaa kando ya kitanda, saa mkononi, akiyahesabu matone hayo.

Nionavyo mimi, usitumie mashine ya simu kwa hesabu hizi mpaka utakapozijua kwa mkono. Simu haijui kama umekosa alama ya mkato.

Kifaransa

Nyumbani tunasema Kiswahili, kanisani tunaimba Kiswahili, lakini karatasi ya mtihani ni Kifaransa. Soma nusu ukurasa kila siku kwa sauti. Kisha funga kitabu na uandike kwa maneno yako ulichosoma, hata mistari mitatu tu. Mara mbili kwa juma mwombe mtu akusomee, nawe uandike anayoyasema. Ile dikte tuliyoichukia utotoni hukufundisha kuandika na kusikia kwa pamoja.

Uwe na daftari ya maneno. Upande wa kushoto andika Kifaransa, wa kuume Kiswahili: foie, ini, rein, figo, poumon, pafu, sang, damu, os, mfupa. Usisahau maneno madogo, maana hayo ndiyo mitego. Neno sauf, maana yake "isipokuwa", limewaangusha wengi. Swali linasema: magonjwa haya yote huletwa na mbu, sauf moja, ni lipi? Mtu anaona malaria, anafurahi, anaitia alama, naye amekosa.

Habari za mwili

Katika hili soma kitabu cha sekondari, hakipungukiwi. Ujue moyo una vyumba 4, na njia ya damu kutoka moyoni kwenda katika mapafu na kurudi. Ujue mtu mzima ana mifupa 206, na mapigo yake akiwa ametulia ni kati ya 60 na 100 kwa dakika. Ujue malaria huletwa na mbu jike wa Anopheles, kifua kikuu hupita katika hewa, na kipindupindu hupita katika maji na vyakula vichafu. Uchore moyo kwa mkono wako mwenyewe mara nyingi. Mkono hukumbuka yale ambayo macho yameyasahau.

Wakati, na aibu

Utasema, "Sina wakati." Ni kweli. Una bukari ya kupika, una maji ya kuchota, una biashara. Lakini saa moja kila siku kabla jua halijatoka, watoto wakiwa bado wamelala, ni bora kuliko saa saba siku ya Jumamosi. Shule hufunguliwa mwezi wa Septemba. Basi uanze kujitayarisha mapema, tangu mvua zikali nyingi, usingoje baridi ya mwezi wa saba. Umeme ukikatika, uwe na taa yako tayari.

Aibu ni adui mkubwa kuliko kazi. Mama mmoja alikuwa hajui tena kugawanya namba zenye mkato. Binti yake wa darasa la sita aliijua sana. Kwa majuma mengi mama huyo aliogopa kumwuliza, akisema moyoni, "Atanidharau." Siku moja akamwambia, "Mwanangu, nifundishe." Yule mtoto hakumcheka. Alileta ubao wake mdogo, akamwonyesha mara mbili, mara tatu, naye akaanza kujisomea kwa bidii kuliko zamani, maana mwalimu hapendi kushindwa na mwanafunzi wake.

Sema na mume wako au mke wako kabla ya kujiandikisha, si baada yake. Hesabuni pamoja ada, nguo za kazi, na nauli ya kwenda Likasi kama shule iko huko. Ni nani atakayepika wewe ukiwa katika mafunzo ya usiku wodini? Nyumba nyingi hazigombani kwa ajili ya masomo. Hugombana kwa sababu mmoja hakuambiwa.

Siku ya mtihani

Huenda mtu atakujia na kukunong'oneza kwamba kwa falanga kidogo atakupa maswali. Usimpe. Mara nyingi hana maswali yo yote. Na kama anayo, basi utaingia shuleni bila kujua kuhesabu dawa, na mgonjwa wa kwanza utakayempa sindano ndiye atakayelipa.

Lala mapema. Kula kitu asubuhi. Chukua kalamu mbili, kitambulisho na karatasi zako zote. Soma swali mara mbili kabla ya kuandika, ukitafuta yale maneno madogo. Lile lisilokujia upesi, liache kwanza, ulirudie baadaye. Na wenzako vijana watakapoanza kuinuka na kutoka, wewe kaa. Rudia kila hesabu tangu mwanzo, uitazame alama ya mkato iko wapi.