Maua Juu ya Shali ya Udongo

Katika mji wa Marseille, nchi ya Ufaransa, hufanywa sanamu ndogo za udongo ziitwazo santoni, yaani watakatifu wadogo. Wakati wa Mapinduzi yaliyoanza mwaka 1789, makanisa yalifungwa, na pango la Noeli likakosa mahali. Ndipo waamini wakaliweka nyumbani. Jean-Louis Lagnel (1764–1822) akafanya kalibu za plasta, hata maskini wakaweza kununua. Tangu mwaka 1803 liko soko lake kila mwaka.

Kalibu hutoa umbo, bali maua ya shali haitoi. Hayo huchorwa kwa mkono mtupu juu ya mtu mfupi kama kidole. Fundi hupaka kwanza rangi ya nguo, akaingoja ikauke. Kisha kwa ncha ya brashi huweka nukta, na nukta chache huwa ua. Akiharakisha, rangi huchanganyika. Hivyo mwuza samaki na mchungaji huvikwa mavazi ya kale ya Provence, nao wote huelekea kwa Mtoto Yesu.

Nasi wazazi na waalimu tujiulize: mlango wa kanisa ukifungwa, je, imani itapata makao nyumbani mwetu? Haba na haba hujaza kibaba. Sala fupi ya kila jioni ndiyo nukta yetu.