FARASI AU NYUMBU?

Nikisema nyumbu usidhani ni yule wa Maasai Mara. Hao wawili wametumia jina moja tu. Nyumbu wangu, ambaye pia huitwa baghala, babake ni punda na mamake ni farasi.

Farasi ana kromosomu 64, punda 62, na nyumbu 63. Hesabu hiyo haigawanyiki mara mbili, ndiyo maana nyumbu karibu wote ni tasa. Ukimnunua, usitarajie ndama. Hiyo ndiyo hasara yake.

Sasa faida. Nyumbu hutosheka na chakula kidogo kuliko farasi wa kimo chake, na kwato zake ni ngumu. Yale maradhi ya farasi yanayoenezwa na visubi huua farasi wengi, lakini nyumbu huyastahimili zaidi. Kule milimani Ethiopia watu humpanda kwa kuwa hakanyagi ovyo.

Wengi husema nyumbu ni mkaidi kama punda. La! Farasi akishtuka hutimua mbio nawe mgongoni. Nyumbu husimama kwanza, akaangalia.

Hata mimi sikujua. Siku moja punda wetu aligoma kuvuka kijito akiwa na mitungi ya maji. Nikamchapa, kisha nikatangulia ili nimvute. Kumbe ukingo ulikuwa umemomonyoka! Nilizama hadi kiunoni, yeye akinitazama tu. Tangu siku hiyo fimbo naiacha nyumbani.

Wahenga walinena kuwa mwenda pole hajikwai. Nafikiri walikuwa wamepanda nyumbu.